Michezo ya mezani ya kujichapishia

Michezo ya mezani ya kujichapishia ni michezo ambayo mtunzi wake hauzi sanduku lenye ubao, karata na kete zilizokwisha kutengenezwa, bali hutoa michoro na maelezo tu, kwa kawaida katika faili ya PDF. Mchezaji huchapisha kurasa hizo mwenyewe, kisha hukata, hukunja na kubandika mpaka apate vifaa vya kuchezea. Mingi kati ya michezo hiyo hutolewa bure. Mingine huuzwa kwa bei ndogo, kwa kuwa mnunuzi hulipia faili peke yake, si kiwanda, meli wala duka.

Ipo michezo ya namna hii ya karata, ya dadu na ya ubao, ya kucheza kikundi na ya kucheza mtu mmoja. Makala hii inaeleza hasa uhusiano wake na uraibu wa vita vya sanamu ndogo, yaani michezo ambamo majeshi ya askari wadogo wa plastiki, madini au karatasi hupambana juu ya meza kwa kufuata kanuni, rula na dadu. Vita vya sanamu ndogo ni miongoni mwa michezo ya mezani iliyo ghali zaidi, na kwa sababu hiyo karatasi huleta tofauti kubwa humo kuliko mahali pengine.

Kanuni na vifaa

Kila mchezo wa mezani una sehemu mbili: kanuni, na vifaa ambavyo kanuni hizo hutumia. Kanuni hazina uzito wala gharama ya usafiri. Anayejua drafti hubeba kanuni zake kichwani. Ubao huuchora kwenye kipande cha boksi, na vizibo vya soda huwa kete, upande mmoja ukicheza na vilivyofunuliwa na mwingine na vilivyofunikwa. Bao nalo huchezwa kwenye vishimo vilivyochimbwa ardhini pale ambapo hakuna ubao wa mti. Hakuna anayeona ajabu kwamba mchezo haukununuliwa dukani.

Katika michezo ya viwandani mambo ni kinyume: kinachouzwa ni vifaa, na kanuni ni kijitabu kilichotiwa ndani ya sanduku. Mchezo wa kujichapishia unazitenga tena sehemu hizo mbili. Kampuni ya Cheapass Games, iliyoanzishwa na James Ernest nchini Marekani mwaka 1996, ilisimama katikati. Iliuza michezo iliyochapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe bila dadu, bila vipande vya kusogeza na bila pesa za kuchezea, kwa hoja kwamba mnunuzi anavyo vitu hivyo nyumbani tayari kutoka katika michezo mingine. Baadaye kampuni hiyo iliweka mingi ya michezo yake wazi ili watu wajichapishie bure.

Michezo ya kujichapishia haikutoka mahali pamoja. Mingine ilitungwa tangu mwanzo ili igawiwe. Mingine ni michezo ya biashara ambayo mwenye nayo ametoa pia nakala ya bure, mara nyingi yenye picha chache zaidi. Mingine iliwahi kuuzwa, ikaacha kuchapwa, na mwenye haki akaruhusu isambazwe. Mfano wa mwisho ni Barbarian Prince wa mwaka 1981, mchezo wa mtu mmoja ambamo mwana wa mfalme aliyepinduliwa ana siku 70 za kukusanya vipande 500 vya dhahabu. Leo ramani na vitabu vyake hupatikana bure kwa ruhusa. Kitabu cha kanuni kilichopigwa picha na kusambazwa bila ruhusa hakihesabiwi humu, hata kama kimepatikana bila malipo.

Historia

Askari wa karatasi ni wa zamani kuliko askari wa plastiki. Mjini Strasbourg, katika karne ya 18, wachapaji waliuza kurasa zenye picha za askari waliopangwa safu kwa safu. Mnunuzi aliwapaka rangi, akawakata, akawasimamisha juu ya vipande vya mti. Katika karne ya 19 wachapaji wa Épinal, nao wa mashariki mwa Ufaransa, waliuza kurasa kama hizo kwa wingi. Jeshi zima lilipatikana kwa bei ya karatasi chache.

Upande wa kanuni ulianzia Ujerumani. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu mjini Braunschweig, alitoa mchezo ulioikuza sataranji mpaka ikawa vita, wenye ubao wa miraba mingi kuliko 64 na rangi tofauti za kuonyesha milima, mito na vijiji. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza ya vita ambayo vipande vyake vya ardhi viliweza kupangwa upya kila mara. Ilikuwa zana ya ikulu, na ni ikulu tu iliyoweza kuwa nayo. Mwanawe, ofisa wa kikosi cha mizinga, aliuokoa mchezo kutoka katika fanicha hiyo. Kanuni alizotoa mwaka 1824 ziliacha meza na kutumia ramani za karatasi, ambamo milimita moja ilisimama badala ya mita 8. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vyekundu na buluu, hasara iliamuliwa kwa dadu, na mwamuzi alikuwa mtu pekee aliyeona hali yote. Kila jemadari aliambiwa yale tu ambayo angeweza kuyaona vitani. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliupokea kwa shauku, na mchezo ukaingia katika mafunzo ya maofisa. Ni vigumu kufikiri kwamba ungefika huko kama ungebaki kuwa meza.

Kama burudani ya raia, kitabu kinachotajwa mara nyingi zaidi ni Little Wars cha mwandishi Mwingereza H. G. Wells, kilichotolewa mwaka 1913. Wells alicheza sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo yenye springi iliyorusha vijiti vya mbao. Hakukuwa na dadu za kuamua nani amepigwa: askari aliyeangushwa na kijiti alikuwa amekufa. Katika zamu moja askari wa miguu alisogea futi 1 na wa farasi futi 2, huku muda wa kila zamu ukipimwa kwa saa ili jemadari asikae akiwaza. Kitabu hicho kinamalizika kwa kuvipinga vita vya kweli: Wells alisema kwamba mtu aliyecheza mara tatu au nne angetambua upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Leo Little Wars ni mali ya umma, hivyo mchezo ulioanzisha uraibu huu unaweza kuchapishwa na mtu yeyote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili uraibu uliendelea kwa watu wachache walioandikiana barua na kuchapa majarida madogo. Nchini Uingereza Donald Featherstone alitoa kitabu chake War Games mwaka 1962. Wachezaji wa wakati huo walitegemea sana askari wa plastiki wa kampuni ya Airfix, walioanza kuuzwa mwaka 1959, wenye urefu wa sentimita mbili na kidogo na bei ya pesa ya mfukoni ya mtoto. Waliyokosa waliyajenga: vilima vya vitabu chini ya kitambaa, nyumba za kadibodi, miti ya matawi makavu. Kanuni ziliandikwa kwa taipureta na kurudufiwa. Nchini Marekani kanuni za namna hiyo, Chainmail za Gary Gygax na Jeff Perren za mwaka 1971, zilikuwa moja ya mizizi ya Dungeons & Dragons, iliyotolewa na Gygax na Dave Arneson mwaka 1974.

Biashara ya sanamu

Games Workshop ilianzishwa mjini London mwaka 1975 na baadaye ikahamishia makao yake Nottingham. Ilitoa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987, na ndiyo iliyoufanya uraibu huu kuwa biashara kubwa. Kanuni, hadithi, sanamu, rangi na hata brashi zilitoka kwa muuzaji mmoja, katika maduka yake mwenyewe. Ubora wa sanamu hizo haubishaniwi na wengi. Kinachobishaniwa ni gharama. Jeshi la kawaida lina makumi ya sanamu, kila moja ikihitaji kuunganishwa na kupakwa rangi, na bei ya jeshi moja pamoja na vitabu vyake huweza kuzidi kipato cha mwezi cha watu wengi duniani.

Zaidi ya hayo, kanuni hubadilika. Warhammer 40,000 ilitolewa katika matoleo 10 kati ya mwaka 1987 na 2023. Toleo la 7 la mwaka 2014 lilikuja miaka miwili tu baada ya la 6. Toleo jipya huweza kukifanya kikosi kilichonunuliwa mwaka jana kuwa dhaifu, na kitabu kilichonunuliwa mwezi uliopita kuwa kumbukumbu. Mwaka 2015 kampuni iliuacha kabisa mchezo wake wa kwanza wa Warhammer na kuweka Age of Sigmar badala yake; ule wa zamani ulirudi kwa sura nyingine mwaka 2024.

Hapo ndipo kanuni za bure zinapopata nguvu. Mchezaji anayemiliki sanamu bado anazo hata kanuni zikibadilika, na kundi la watu wanne wanaokubaliana kutumia kurasa chache walizochapisha halihitaji idhini ya kiwanda. Kampuni yenyewe imelitambua hilo kwa kiasi: kanuni za kwanza za Age of Sigmar zilikuwa kurasa 4 zilizotolewa bure, na kanuni za msingi za toleo la 10 la Warhammer 40,000 zilitolewa bure pia. Anayeuza sanamu anaweza kugawa kanuni. Mtunzi asiye na sanamu za kuuza hana faida hiyo, naye hugawa kwa sababu nyingine, ambayo mara nyingi ni kutaka tu mchezo wake uchezwe.

Kuchapisha na kutengeneza

Kosa la kawaida zaidi hutokea kwenye printa. Karatasi ya A4, inayotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya dunia, ni milimita 210 kwa 297, ilhali karatasi ya Marekani inayoitwa Letter ni milimita 216 kwa 279. Faili iliyopangwa kwa moja ikichapishwa kwenye nyingine, printa huipunguza ili ienee, na karata za ukurasa mmoja hutoka ndogo kuliko za mwingine. Dawa ni kumwambia mwenye stesheneri achapishe kwa asilimia 100 bila kupunguza, na kupima ukurasa wa kwanza kwa rula kabla ya kulipia zilizobaki. Karata ya kawaida ya michezo hii ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88.

Karatasi ya kawaida ya printa ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Inatosha kwa kanuni, lakini askari aliyekatwa humo hujikunja. Ya gramu 160 hadi 200 husimama vizuri, ila si kila printa huipitisha. Njia rahisi ni kuchapisha kwenye karatasi ya kawaida na kuibandika juu ya manila au boksi la biskuti kabla ya kukata. Gundi isiwe na maji mengi, na karatasi ikae chini ya vitabu vizito mpaka ikauke, la sivyo itapinda. Kwa karata, wengi huchapisha sura tu na kuzitia katika mifuko ya plastiki pamoja na karata kuukuu. Migongo hiyo huficha tofauti zote za ukataji.

Askari wa karatasi hutengenezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni picha mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizochapishwa zikiwa zimegeuziana vichwa. Karatasi hukunjwa katikati, hubandikwa, hukatwa kufuata umbo, na miguu huchomekwa katika kitako. Namna ya pili ni kukunja karatasi iwe kama hema, isimame yenyewe. Ya pili ni ya haraka, ya kwanza hupendeza zaidi. Kitako huwa sarafu, kizibo au washa ya chuma, kwani uzito chini ndio unaomzuia askari asiangushwe na upepo wa feni. Kalamu nyeusi ikipitishwa kwenye kingo nyeupe baada ya kukata, jeshi zima hubadilika sura. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na wengi huiacha bila sababu.

Wino wa rangi ni ghali kuliko karatasi. Kwa hiyo watunzi wenye kujali hutoa faili mbili, moja ya rangi na nyingine yenye mistari myeusi tu. Hii ya pili watoto huipaka kwa penseli za rangi, kama ilivyofanywa Strasbourg.

Dadu zinapokosekana, namba 1 hadi 6 huandikwa kwenye vipande sita vya karatasi na kutiwa kikombeni. Kipande kilichotolewa lazima kirudishwe kabla ya kuchota tena, kwa maana kisiporudishwa, anayefuata atajua namba ambayo haiwezi kutoka. Kanuni zikitaka dadu mbili zijumlishwe, mtu huchota mara mbili na kujumlisha. Haifai kuandika namba 2 hadi 12 kwenye vipande kumi na kimoja. Dadu mbili zina matokeo 36, na 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya hizo, ilhali 2 na 12 hupatikana kwa njia moja moja. Kikombe chenye vipande kumi na kimoja hufanya namba zote ziwe na nafasi sawa, na mchezo ambao mtunzi aliupima kwa uangalifu huharibika bila mtu kujua kwa nini.

Baadhi ya michezo

Kati ya kanuni za bure za vita vya sanamu ndogo, zinazotumiwa sana ni za One Page Rules, hasa Grimdark Future na Age of Fantasy. Zinaruhusu sanamu za kampuni yoyote, za karatasi zikiwamo. Moyo wake ni namba mbili ambazo kila kikosi kinazo, moja ya ustadi na nyingine ya ulinzi. Kikosi kikifyatua mara 10 na ustadi wake ni 4, mchezaji hutupa dadu 10 na kila iliyoonyesha 4 au zaidi imepiga, kwa wastani 5. Mpinzani hutupa dadu kwa kila pigo. Ulinzi wake ukiwa 4 pia, nusu huzuiwa. Wachezaji hupokezana kikosi kwa kikosi badala ya mmoja kusogeza jeshi zima huku mwenzake akitazama, na kwa wanaoanza huo ndio unafuu mkubwa.

Full Thrust, mchezo wa meli za anga wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutoka Ground Zero Games ya Uingereza, sasa hutolewa bure na wenyewe. Kila mchezaji huandika kwa siri amri za meli zake, kisha zote husogezwa pamoja, na mara nyingi meli hujikuta zimepita mahali ambapo adui alitarajiwa kuwa. Kwa kuwa meli huwakilishwa na alama moja tu yenye mshale, vipande vya karatasi vinatosha kabisa. Two Hour Wargames nayo imetoa Chain Reaction bila malipo. Humo askari hawamtii mchezaji sikuzote, kwa maana wanaposhambuliwa dadu ndiyo huamua kama watasimama, watalala chini au watakimbia. Hilo huwezesha mtu mmoja kucheza bila mpinzani.

Nje ya vita vya sanamu, Zombie in My Pocket wa Jeremiah Lee, wa mwaka 2007, uliwaonyesha wengi kwamba kurasa chache zinatosha kwa mchezo kamili wa mtu mmoja. Under Falling Skies wa Tomáš Uhlíř ulianza mwaka 2019 katika mashindano ya kutunga mchezo wa karata 9 tu za kujichapishia. Mchezaji huweka dadu katika vyumba vya handaki lake. Dadu yenye namba kubwa hufanya kazi zaidi, lakini pia huteremsha meli za maadui kwa hatua zilezile. Mwaka uliofuata kampuni ya Czech Games Edition iliutoa katika sanduku. Njia hiyo, kutoka kurasa za bure hadi rafu za duka, imepitiwa na michezo kadhaa.

Piecepack, iliyobuniwa na James Droscha mwaka 2000, si mchezo bali ni seti ya vifaa vya wote: vigae 24, sarafu 24, vipande 4 vya kusogeza na dadu 4. Aliyeibuni hakudai hakimiliki, na tangu hapo watu wengi wametunga michezo ya kuchezwa kwa vifaa hivyohivyo, kama karata za kawaida zinavyobeba michezo isiyohesabika.

Hakimiliki na tafsiri

Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, unasema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, haulindi wazo wala utaratibu wa kufanya jambo. Kwa lugha ya mezani, kutupa dadu na kuhitaji 4 si mali ya mtu. Maneno yaliyotumika kulieleza hilo ni mali ya mwandishi, na picha ni mali ya mchoraji. Sanamu nazo ni kazi za sanaa: kumimina nakala za sanamu za kampuni katika ukungu wa nyumbani na kuziuza ni kuvunja haki za mchongaji, hata kama kanuni za kuzichezea ni za bure.

Kwa hiyo neno bure lina maana zaidi ya moja. Faili inaweza kupatikana bila malipo na bado isiruhusiwe kubadilishwa wala kusambazwa upya. Watunzi wengi hutumia leseni za Creative Commons ili kuliweka wazi jambo hilo. Mchezo wa Secret Hitler wa mwaka 2016, kwa mfano, unaruhusu kuchapishwa na kubadilishwa mradi asiwepo anayefanyia biashara na kila toleo jipya libaki chini ya leseni ileile. Januari 2023 wachezaji walipolalamikia mpango wa Wizards of the Coast wa kubadilisha leseni ya Dungeons & Dragons, kampuni hiyo iliiweka sehemu ya kanuni zake chini ya leseni ya Creative Commons inayodai tu mtunzi atajwe, na ambayo haiwezi kuondolewa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili suala la leseni si la wanasheria peke yao. Takribani michezo yote iliyotajwa hapa imeandikwa kwa Kiingereza. Kisheria tafsiri ni kazi iliyotokana na kazi nyingine, na haki ya kuitoa ni ya mwandishi wa kwanza. Leseni inayokataza mabadiliko hukataza pia kusambaza tafsiri, hata ya bure. Leseni inayoyaruhusu humwezesha mwalimu au kikundi cha vijana kutoa kanuni kwa Kiswahili bila kumwomba mtu. Pasipokuwa na ruhusa, bado inawezekana kueleza utaratibu wa mchezo kwa maneno mapya kabisa, bila kufuata maandishi ya asili na bila kuchukua picha zake.

Afrika Mashariki juu ya meza

Historia ya Afrika Mashariki imekuwa ikichezwa kwa sanamu ndogo kwa miaka mingi, ingawa zaidi katika vyumba vya Uingereza na Marekani. Kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza huuza mfululizo uitwao Darkest Africa, uliochongwa na Mark Copplestone, wenye Wazanzibari, rugaruga, Wamasai na askari wa wakoloni. Jina hilo linafuata lile la kitabu cha mpelelezi Henry Morton Stanley cha mwaka 1890, na pamoja na jina huja mtazamo: safari hutazamwa kutoka upande wa msafiri. Katika michezo ya ubao ubishi kama huo ulifika mbali zaidi mwaka 2019, pale GMT Games ya Marekani ilipoondoa katika mipango yake mchezo wa Scramble for Africa baada ya kulaumiwa kwa namna ulivyoufanya ukoloni kuwa mashindano ya kujipatia ardhi.

Pambano la Tanga la Novemba 1914 hupendwa na wachezaji. Kikosi cha Waingereza kutoka Uhindi, watu wapatao 8,000, kilishuka pwani na kushindwa na Wajerumani na askari wao waliokuwa karibu 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na nyuki waliotibuliwa waliwashambulia wapiganaji katikati ya mapambano. Uwiano wa majeshi, mashamba yanayoziba macho na mji wenye reli huufanya uwanja mzuri wa mchezo.

Kampeni iliyofuata haiingii mezani kwa urahisi hivyo. Vita vya miaka minne ndani ya Tanzania Bara ya leo na nchi jirani vilibebwa vichwani na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutoka kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mpagazi hafyatui bunduki, hivyo katika kanuni za pambano la saa mbili mara nyingi hana namba, na asiye na namba hatengenezewi sanamu.

Kwa karatasi pengo hilo huzibika kwa ukurasa mmoja. Anayejichapishia anaweza kuchora alama za wapagazi na kuongeza kanuni fupi: kila kikosi kinachovuka ukingo wa ramani lazima kiwe na idadi fulani ya wapagazi, kila siku ya mvua dadu hutupwa kwa ajili ya homa, na bunduki ya mtombo iliyokosa wabebaji huachwa njiani. Katika mchezo uliopangwa hivyo, jemadari hutumia muda mwingi zaidi akihesabu mizigo ya unga kuliko akilenga shabaha.